Radhi Iliyotupeleka Bremen

Tiketi ya mama ya kurudi Unguja, kurudi moja kwa moja, ilikuwa ya Jumamosi. Jumatatu, nikiwa nahangaika na sanduku lake la tatu kwenye fleti yetu ya Thamesmead, London, akanambia hapandi ndege mpaka akamuage mke mwenzake. Mke mwenzake anakaa Bremen, Ujerumani.

"Si kuna simu, mama?"

"Radhi haiombwi kwa simu."

Baba alipofariki, mama hakumpelekea mwenzake habari mpaka tulipokwisha kuzika. Miaka kumi na moja hawakusemezana. Nikaomba likizo kazini, nikakata tiketi nyingine mbili, na nikanung'unika njia nzima.

Mama mkubwa, ndivyo ninavyomwita mke mwenza huyo tangu utotoni, alitupokea vizuri mno. Tulikula, tukanywa chai, tukaulizana hali za watu, hata waliokwisha kufa. Radhi haikutajwa. Asubuhi yake, siku yetu ya kurudi London, mama mkubwa akavaa koti: aibu kufika mji wa kale kama huu na kuondoka bila kuuona!

Basi tukaburutwa. Jumba la baraza la mji, kanisa kuu lenye minara miwili, vichochoro ambavyo mtu mnene hapiti bila kujikunyata. Mama, ambaye miaka yote London hakuwahi kunyanyua shingo kutazama jengo, sasa anasifu kila tofali. Magoti mabovu, upepo unakata masikio, na ndege saa kumi na moja. Kila alipoanza, "Dada, mimi nimekuja...," mwenzake alinyoosha kidole: "Na lile dirisha, umeliona?" Nilichoka roho. Wanawake wawili hodari wa kusuluhisha ndoa za watu, leo lao limewashinda!

Saa nane tukaingia mkahawani. Mama akaenda msalani, nami adabu yote niliyofunzwa ikanitoka.

"Mama mkubwa, mama hakuja kutazama makanisa! Kaja kukutaka radhi, na wewe humpi nafasi. Jumamosi anaondoka, na harudi tena."

Hakukasirika. Alikoroga chai yake, ambayo hata sukari hakuitia.

"Najua, mwanangu. Nilishamsamehe zamani. Lakini akishaomba nitampa, na akishapewa ataondoka. Mimi huku nitabaki na nani wa kumnunia?"

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Sasa hasira yangu yote sijui niiweke wapi.

Mama alirudi akijifuta mikono kwa mtandio, macho yameshaanza kutafuta jengo la kusifu. Safari hii mama mkubwa hakumwonesha chochote. Alimvutia kiti, akangoja akae vizuri.

"Haya, mwenzangu," akamwambia. "Sema."