Niliandika "stoo" kwenye orodha ya kengele za moto, na ndani kulikuwa na mtu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni wa kusoma tu, sichangii. Leo nimejitosa.

Haya niliyaandika kwanza kwenye daftari langu la siri. Nimeyarudia mara tatu na kila mara nikajikuta najitetea. Hapa utetezi nimeuondoa. Kilichobaki ndicho kilichotokea.

Mimi ni binti wa miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nipo Mwanza nasubiri matokeo. Mama yangu ana duka la madaftari na mabegi ya shule kwenye jengo moja la ghorofa huku Kirumba. Ukiingia getini, mlango wa kwanza ni wetu. Juu kuna saluni, wauza simu, ofisi ya wakili, washona nguo.

Mwenye jengo aliamua kufunga mfumo wa kengele za moto. Akaletwa fundi kutoka Nyegezi, tumwite fundi Magesa. Mtu wa makamo, mpole, mfukoni hakosi karanga.

Nilidhani kufunga kengele ni kupigilia misumari tu na kuondoka. Kumbe kazi kubwa ni kupanga.

Kwa msiojua, kuna kitu kinaitwa paneli. Ni boksi la ukutani lenye taa ndogo ndogo. Jengo linagawanywa vipande, wao wanaita zoni. Moshi ukitokea mahali, taa ya zoni hiyo inawaka, na zimamoto wakifika wanajua pa kukimbilia bila kuuliza mtu.

Wapangaji waliitwa kikao kupanga paneli ikae wapi. Msimamizi wa jengo, mzee Bundala, akataka ikae ofisini kwake.

"Nitaifungia. Hapa Kirumba kitu chenye taa hakikai siku mbili."

Fundi akamwuliza, "Mzee wangu, moto ukiwaka wewe uko harusini Kisesa, zimamoto wakusubiri na funguo?"

Watu wakacheka. Ikaamuliwa ikae mlangoni pa kuingilia, yaani kwenye ukuta ule ule ambao mama hutundika mabegi. Mama alinuna siku nzima. "Hilo boksi litaninunulia sukari?" Lakini mabegi akayahamisha.

Sasa fundi akahitaji mtu wa kupita chumba kwa chumba, kwa sababu mara zote akija vyumba vingine anakuta vimefungwa. Mama akanisukuma mbele. "Huyu hapa, mwandiko wake kama wa mashine, na hana kazi."

Fundi akanipa karatasi akaniambia hivi, na maneno yake nayakumbuka yote:

"Mwanangu, gonga kila mlango. Uliza wanafanya nini humo, wako wangapi, kuna gesi au pasi. Usikisie. Paneli haina macho. Inajua tulichoiambia tu."

Wakuu, mimi nina aibu. Siyo ile ya kujifanya. Saluni nilisimama mlangoni mpaka dada mmoja akaniuliza, "Mdogo wangu, unasuka au unauza?" Lakini nilijikaza, nikamaliza chini, nikamaliza ghorofa ya kwanza.

Ghorofa ya pili, mwisho wa korido, unapita vyoo vya zamani, kuna mlango mwingine wa mbao, halafu ndani yake kuna chumba kimoja chenye mlango wa bati. Cherehani ilikuwa inalia.

Nilijua ni nani yuko humo.

Anaitwa Kabula (siyo jina lake hasa). Tulikaa dawati moja kuanzia kidato cha kwanza. Huyu ndiye alikuwa ananisemea darasani nikishindwa kuongea. Mwalimu akiniuliza swali nikabaki kimya, Kabula anasema, "Mwalimu, analijua, mpe dakika." Na kweli nilikuwa nalijua.

Kidato cha tatu akapata ujauzito. Siku habari zilipovuja, wenzetu walianza kusema dawati letu ni la wahuni. Mimi nilihama dawati. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichukua mkoba wangu nikaenda kukaa nyuma, yeye ananiangalia. Wiki hiyo hiyo akaacha shule.

Sikuwahi kwenda kwao. Sikutuma hata ujumbe. Niliposikia amepanga chumba cha kushonea kwenye jengo letu, nilianza kuchungulia kwanza ngazini kabla sijapanda.

Basi siku ile nilisimama mbele ya mlango wake na karatasi mkononi. Sijui nilisimama kwa muda gani. Mkono niliunyanyua, nikaushusha.

Kisha nikarudi taratibu, na pale ngazini nikaandika: "Stoo. Hakuna mtu."

Mwandiko kama wa mashine.

Fundi alipanga kwa karatasi yangu. Kwa kuwa ule mwisho ni stoo, kule akaweka kifaa cha kuhisi joto tu, kisichoshtuka kwa moshi, nje ya mlango wa bati aliokuta umefungwa, na kengele ikaishia kwenye korido karibu na ngazi, nje ya ule mlango wa mbao. Nilimwona akichora. Ningeweza kusema hapo. Nilisema moyoni kwamba kengele si itasikika tu.

Siku ya majaribio ilifika, saa nne asubuhi. Tuliokuwa kwenye orodha tuliambiwa kengele ikilia kila mtu atoke aende kwenye uwazi ng'ambo ya barabara, fundi ahakiki kwa orodha.

Ikalia. Aisee, ile kitu inapiga. Watu wakashuka wanacheka, dada wa saluni kafuatana na mteja mwenye nywele nusu. Mzee Bundala katangulia wote, wanamtania, "Mzee, miguu ya kustaafu imepona?"

Fundi akasoma orodha. Chumba kwa chumba, watu wanaitika. Akafika mwisho, akafunga faili.

"Wote wametoka. Jengo liko tupu."

Wakapiga makofi.

Na mimi nilipiga, wakuu. Nikiangalia dirisha la juu kabisa mwishoni, ambalo pazia lake lilikuwa linacheza na feni.

Zilipita kama dakika tatu. Hapo ndipo Kabula akatokea kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili, mtoto kiunoni, tepu ya kupimia shingoni. Akatuangalia wote tulivyojaa ng'ambo.

"Jamani, kuna msiba?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alifungua faili tena, akapitisha kidole mpaka chini.

Kabula aliposhuka, mzee Bundala akamvaa mbele ya watu.

"Wewe kwenye orodha haupo. Karatasi ilipita vyumba vyote. Ulijificha ili chumba kionekane stoo, umwingize mtu mwingine humo kwa siri mgawane kodi? Leo leo utoe vyombo vyako."

"Mzee, shikamoo. Mimi sijaletewa karatasi yoyote."

"Marahaba ya nini! Unataka kusema mtoto wa watu kaandika uongo?"

Na mama yangu, ambaye hakujua lolote, akadakia, "Mwanangu hawezi. Huyo alipita hadi chooni."

Kabula alinitazama. Angeweza kusema. Akahamisha mtoto kiuno cha pili, akainamisha kichwa, na nikaona anaanza kuhesabu moyoni vitu vya kubeba.

Nikasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyesikia. Nikarudia.

"Wewe nini?" mzee Bundala akauliza.

"Niliandika stoo mimi. Sikugonga. Nilijua yumo."

Mama alishika mdomo. Mtu mmoja nyuma akasema, "Na mtoto je, angeungua?" Jibu analijua kila mtu.

Fundi ndiye aliyeongea. "Na mimi nina langu. Nilitakiwa nifungue kila mlango mwenyewe. Nilichora nisichokiona." Akamgeukia mzee Bundala. "Huyu binti hahami. Kosa ni la karatasi." Mzee akaguna, akaondoka bila kuomba radhi.

Kisha fundi akanipa karatasi mpya, akanipeleka hadi ule mlango wa bati. Kabula alikuwa ametangulia kuingia na kuufunga.

"Gonga," fundi akaniambia.

Nikagonga. Akafungua. Nikauliza maswali nikiangalia sakafu.

"Unafanya nini humu?"

"Nashona."

"Kuna pasi?"

"Ipo."

"Mpo wangapi?"

"Wawili. Usiandike mmoja. Mtoto naye ni mtu."

Nikaandika wawili. Nilipokuwa nageuka akaniita kwa jina, kwa sauti ndogo.

"Siku ile nilikuona. Hapa chini ya mlango pana uwazi, ndala zako nazijua. Nilizima cherehani nikasubiri ugonge. Nilikuwa hata nimeshatoa nguo kwenye stuli ili ukae."

Nilishuka ngazi sioni mbele.

Kengele ya kwake imefungwa, iko ukutani juu ya meza ya kukatia. Walipoijaribu mtoto alilia sana. Mama hakunichapa wala kunigombeza, ila kwa siku kadhaa hakunituma kitu chochote. Kabula tukikutana ananisalimia, "Za saa hizi, dada," kama anavyomsalimia mteja yeyote. Sistahili zaidi ya hapo.

Nilichojifunza: siku zote nilijiita mwenye aibu kana kwamba ni upole. Aibu yangu ilinikinga mimi, yeye ikamwacha ndani.

Na wenye biashara ghorofani, hakikisheni aliyeandika chumba chenu alikiingia.

Wakuu, hasa mliowahi kuachwa na rafiki namna hii: nikiugonga tena ule mlango bila karatasi mkononi, nianze na neno gani? Nisemeni mnavyotaka, nitasoma yote.