Vidole Vitatu vya Mzee Baltazar

Hasira za Theodosia zinajulikana mtaa mzima wa Mshangano, pale Songea, ila asubuhi ile alishuka mtaa wa Mfaranyaki, kwa fundi wa kuchora, akiwa na furaha yake. Alikuja kumtazama babu yake. Mtoto wa kaka yake, Ramson, alikuwa ameazima kwake picha ya zamani ya Mzee Baltazar, ile pekee iliyobaki duniani, ili fundi aichore kubwa ya kutundikwa sebuleni.

Fundi Saimon akafunua kitambaa. Alisimama pale mzee wa kutisha, ngozi ya chui begani, ngao kushoto, mkuki kulia. Uso ulikuwa wa babu kweli, hata ile mikunjo ya paji. Lakini umebandikwa juu ya mwili wa mtu baki.

Theodosia akauliza huyu ni nani. Saimon, kijana wa kuja kutoka Singida, alizoea zaidi kuchora vibao vya saluni. Akajibu kwa adabu kwamba ndiye babu mwenyewe. Alipouliza kabila, Ramson alimwambia Mngoni, basi akamvika Kingoni.

"Na vidole?"

"Vidole vipi, bibi?"

"Umemchora vitano. Viwili vya kuongeza umevitoa wapi?"

Saimon akasema kwenye picha pale pamefifia, akadhani ni doa, akamkamilishia mzee mkono wake.

Kumkamilishia. Neno hilo lilimchoma Theodosia kuliko ule mkuki. Mzee Baltazar alizaliwa vita vya Majimaji vimekwisha, imebaki njaa yake. Mkuki wa vita hakuushika hata siku moja. Alikwenda Tanga kwa manamba, akafanya kazi ya mkonge, na mashine ikamla vidole viwili vya mkono wa kulia. Wakamrudisha Songea na shuka moja. Kwa vidole vitatu akalima tumbaku, akafyatua matofali, akamlea mjukuu aliyefiwa na mama, ndiye Theodosia. Siku ya kuandikishwa shule mwalimu aligoma: mtoto wa kike, baba hajulikani alipo. Mzee hakubishana. Aliuweka mkono ule juu ya daftari la majina na hakuuondoa, mpaka mwalimu akamwomba ausogeze ili aandike jina la mtoto. Na mpiga picha alipomwambia auingize mfukoni, aliuweka gotini, mbele kabisa, palipo na mwanga.

Ramson akafika na bodaboda, akakuta sauti imeshapanda. Akamwomba shangazi yake wazungumzie nyumbani. Theodosia akasema hapohapo panatosha.

"Shangazi, Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Tunduru," Ramson akasema. "Tuwaonyeshe kilema? Wataanza kuuliza."

"Wakiuliza ndipo utakapokuwa na la kuwaambia. Huyu wa mkuki utawaambia alifanya nini? Alimchoma nani?"

"Ni heshima tu ya ukoo."

"Heshima ya ukoo ilikatika Tanga ikarudi ikalima. Wewe umekula ugali wa mkono huo, leo unauonea haya."

Ramson akamgeukia fundi, akamwambia aifunge picha kama ilivyo, maana yeye ndiye aliyeiagiza kazi. Saimon akamtazama huyu, akamtazama yule, brashi mkononi.

Theodosia aliichukua ile picha ya zamani mezani akaitia kifuani, ndani ya nguo, mahali ambapo hakuna mwanamume wa kuifuata. Kisha akavuta ndoo ya rangi, akaigeuza, akaketi mgongo wima. Akaweka mkono wake wa kulia gotini, akakunja kidole cha mwisho na jirani yake ndani kabisa ya kiganja.

"Ndivyo ulivyokuwa," akamwambia Saimon. "Chora."

Ramson akasema wakwe watacheka. Shangazi yake akasema atawapokea yeye mwenyewe mlangoni, na wa kucheka acheke mbele yake. Ramson akatoka nje.

Saimon akachukua rangi nyeupe, akaanza kuufuta mkuki. Vidole vya Theodosia vina baridi yabisi. Haukupita muda vikaanza kutetemeka, na jasho likamtoka puani. Fundi akaliona, akamsihi anyooshe mkono apumzike kidogo, hakuna haraka.

"Wewe ndiye unayechelewa," akasema, akazidi kuvikunja.