Jumapili za Kumtembeza Koko

Wakati wa vita stesheni ya Kindu ilinuka grisi na mbuzi. Treni hazikuja tena kutoka kusini, reli zilikuwa zimeota majani, na mbuzi wa mtaa mzima walikuwa wamehamia chini ya mabehewa, maana mvua haikuwafikia huko. Hapo ndipo tulipoanza kumtembeza Koko. Ndivyo tunavyowaita bibi zetu kwetu, na huyu alikuwa mama yake baba, mgeni aliyetoka kijijini Pangi na furushi moja la nguo. Alikizunguka kichwa cha treni taratibu, akakigonga kwa kidole, akainama kuchungulia chini yake, kisha akauliza swali ambalo mimi, mtoto mwenye majibu ya kila kitu, sikuwahi kulifikiria: "Sasa hii, ikitaka kurudia, inageukaga wapi?" Nilimwambia nitauliza. Sikujua nimwulize nani.

Matembezi yale hayakuwa ya starehe tu. Baba alikuwa amekwama Lubutu alikokwenda kufanya biashara, na mama alibaki peke yake na sisi mabinti wawili, mimi na dada yangu Zaina. Bunduki zilipofika Pangi, baba mdogo Ramazani alimtanguliza Koko na majirani, yeye akabaki nyuma kukusanya vitu vya nyumba. Koko hajamaliza wiki kwetu, akaanza kusema kila asubuhi, huku akijifunga kitenge vizuri: "Naenda ku mayi," yaani mtoni. Mama akiyasikia maneno hayo moyo ulimpasuka. Pangi iko ng'ambo ya mto, kwa hiyo kwa mama, anayekwenda mtoni anakwenda kuvuka, na kwenye njia ya ng'ambo siku zile watu walikuwa wanauawa. Lakini mke hamkatazi mama wa mumewe, wala hamhoji anakwenda kufanya nini. Mama alikuwa anajiuliza baba akirudi atamjibu nini, na alikonda kwa wasiwasi huo mbele ya macho yetu.

Ndipo alipokumbuka kwamba kwetu mgeni hawezi kuaga kabla wenyeji hawajamaliza kumtembeza. Kuondoka kabla ya hapo ni kuwavunjia heshima, na Koko aliishika desturi hiyo. Akatuita jikoni, akasema kwa sauti ya chini: "Mumutembeze Koko mu mji. Polepole, kila Jumapili fasi moja. Lakini ku mayi, hapana."

Jaribu kumwonyesha mtu Kindu bila mto. Mji wote umekaa kando ya Lualaba, na kila barabara iliyonyooka inataka kukupeleka majini. Tulijifunza kupita vichochoroni. Tulimpeleka kwenye nyumba ya ghorofa, akapanda ngazi na kushuka, akataka kujua wenye nyumba wakizeeka huko juu watashukaje. Tulimpeleka kwenye tanuri la matofali. Tulimpeleka kwa mfanyabiashara mwenye friji, ambaye siku hiyo alikuwa na mafuta ya jenereta, akampa Koko kipande cha barafu mkononi. Alikitazama kikiyeyuka hadi mwisho, akalamba kiganja, akasema ni maji tu, tena hayana ladha. Kwenye zahanati alipanda mizani akakataa kushuka mpaka muuguzi amweleze ule mshale unamjuaje. Nilimpenda sana Koko kwa maswali yake. Mji nilimozaliwa nilikuwa sijauona hata kidogo, na yeye ndiye aliyenifungua macho, ingawa kiongozi wa safari nilikuwa mimi.

Usiulize kilichotokea vivutio vilipokwisha. Tulimwonyesha fundi wa baiskeli. Tulimwonyesha ukuta. Jumapili moja Zaina alisimama mbele ya kisima cha jirani na kuanza kukisifia, na Koko akacheka, akamshika mkono. "Mulichoka, watoto yangu," akasema. "Leo miye njo nitawatembeza." Akashika barabara iliyonyooka. Tulijua inakokwenda. Zaina alinitazama, nikamtazama, na hakuna aliyethubutu kumrudisha mtu mzima. Nilitembea nyuma yake nikilia kimyakimya, nikiwaza jinsi atakavyopanda mtumbwi na sisi tutakavyorudi kumwambia mama.

Kivukoni kulikuwa na askari wawili, wanawake wenye vikapu vya mihogo, na maji mapana ya rangi ya udongo. Koko hakuangalia mitumbwi inayoondoka. Alikwenda kusimama pale inapofikia, akamsalimia kila mtu aliyeshuka na kumuuliza kama amemwona Ramazani wa Pangi. Walitikisa vichwa, mmoja baada ya mwingine. Mwisho mpiga kasia mmoja, mwenye kofia ya majani, aliacha kufunga mtumbwi wake akamkazia macho.

"Njo wewe mama ya Ramazani? Nilichoka kuuliza wamama wazee. Alinituma tangu zamani. Iko Kalima, iko muzima. Alisema umungojee hapa Kindu, usirudie."

Koko alikaa chini kwenye mchanga, akafunika uso kwa kitenge, akalia. Hatukuwahi kumwona mtu mzima akilia kwa furaha, tukadhani amepata msiba.

Nyumbani mama alisikiliza habari yote akiwa amesimama na mwiko mkononi. Aliomba radhi, akasema alitaka tu asimpoteze mama wa mumewe. Koko alimjibu bila ukali: "Wewe uliogopa nitaenda. Miye niliogopa mutoto atakuja, asinikute." Mama aliweka mwiko chini. Kuanzia siku hiyo matembezi yetu ya Jumapili yalikuwa mtoni, sote wanne, na mama alibeba mkeka. Baba mdogo Ramazani alifika kiangazi kilichofuata, amekonda hata Zaina hakumtambua. Koko alimtambua mtumbwi ukiwa bado katikati ya maji. Baba alirudi baadaye sana. Lakini kulikuwa na wanawake tuliowazoea pale kivukoni, waliotugawia karanga, ambao watu wao hawakushuka kamwe.

Siku hizi vijana wa Kindu huenda mtoni kupiga picha, wanakula samaki wa kuchoma, muziki unapigwa mpaka maji yanatetemeka. Habari za Pangi zinafika kwa simu kabla hujamaliza chai. Naona ni vizuri hivyo. Simtakii mtoto wangu Jumapili kama zile zetu. Mgeni akija kwangu, mtoni ndiko ninakompeleka kwanza. Anatazama maji, anasifu upana wake, halafu anataka twende mahali pengine. Mimi namwomba asubiri kidogo, maana kuna mtumbwi unakuja, na siwezi kuondoka kabla sijaona nani anashuka.