Mizizi ya Kwenda Dar

Nikisikia harufu ya mizizi mibichi naikumbuka nyumba yetu ya Makote, Newala, miaka ile soko huria lilipoingia na kila mwenye mizani akawa mnunuzi wa korosho. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Aliniletea viatu vya mtumba kutoka Masasi, akanicheka nilipovivaa hata kwenda kuchota maji. Niliyapenda maisha yale, sitaki kuficha.

Kisha mjomba akaanza kukonda. Alipopimwa hospitali ya Mkomaindo akaambiwa ana virusi vya Ukimwi, na siku hizo dawa za kuvizuia zilikuwa hazijafika kwetu. Akarudi kwa mama yake, yaani bibi yangu, aliyekuwa akitibu watu kwa mizizi.

Ndipo walipokuja watafiti wawili kutoka Dar es Salaam. Walisema katika mzizi mmoja wa bibi kuna kemikali chungu iitwayo alkaloidi, nao wanataka kujua kama inaweza kuvizuia virusi. Wakamwomba asimpe mjomba mzizi huo kwanza, maana huenda ukawa sumu. Bibi akakubali kungoja. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne na kukaa tu, nikapewa kazi ya kutafsiri Kimakonde na kuandika lebo.

Walitaka mizizi ioshwe mara tatu. Sisi tulishuka bondeni alfajiri kutafuta maji, tukarudi jua la utosi, halafu eti tuyamalizie kwenye mizizi. Bibi aliona hawa wasomi wana kasoro mahali.

Jingine lilikuwa salamu. Anapochimba dawa bibi hasemi na mtu mpaka arudi nyumbani. Siku ya kwanza mtafiti kijana alimwamkia shikamoo mara nne pale shimoni, bibi kimya, naye akaniuliza kwa unyonge amemkosea nini. Nilipomweleza alicheka, na tangu hapo nao wakachimba bila neno. Asubuhi zile za ukungu, majembe yakilia peke yake, ndizo ninazozitamani zaidi.

Walipoondoka mjomba alipata nguvu ya kutania. Alisema dawa hiyo itaitwa kwa jina la mama yake, na foleni yake itaanzia Newala ifike Masasi. Alikula vizuri, akauliza bei ya korosho. Kila basi lilipofika alinituma nikaulizie barua.

Barua ilikuja msimu uliofuata. Mtafiti aliandika kwa adabu kwamba ndani ya chupa za maabara alkaloidi ile ilizuia virusi, lakini kiasi hicho hicho kiliua na seli zenye afya. Utafiti wa mzizi ule umeishia hapo, na bibi asimpe mtu yeyote. Niliisoma stendi, nikaikunja, nikarudi.

Mjomba alikuwa kwenye mkeka barazani, bibi kando yake. "Wanasemaje, mpwa wangu?"

"Wanataka mizizi zaidi," nikasema.

Nilitaka alale vizuri siku ile tu. Ya kesho sikuyafikiria.

Alfajiri bibi akachukua jembe. Nilimfuata nikiwa nimeazimia kumwambia njiani, lakini njia ya dawa haina maneno, nami kwa uoga nikajificha ndani ya mwiko ule. Tulichimba mpaka gunia likajaa. Tuliporudi aliiosha mizizi mara tatu, kwa maji aliyochota mwenyewe, akakataa nisimsaidie. Hata hapo sikufungua mdomo.

Mjomba alifariki kabla mizizi haijakauka. Hasira niliyojionea siku zile sijaimaliza mpaka leo.

Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, bibi aliniita uani. Alikuwa anaigeuza mizizi juani, mmoja mmoja.

"Wenzako wa Dar wanakuja lini? Wangu ameshakwenda," akasema, "lakini wenzangu nao wana watoto."

Barua ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia barabara imeharibika kwa mvua, wavumiliwe kidogo.