Kidonda Kilipona, Nyonga Haikuamini

Jumatano ile nilikuwa napiga pasi gauni la ubatizo. Lilikuwa la mtoto wa Mama Bwalya, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta pale mtaa wa Kamalondo, na mume wangu Kalala alikuwa amelishona mwenyewe. Pasi ilikuwa ya makaa. Niliogopa cheche isidondoke kwenye kitambaa cheupe. Asubuhi hiyo sikuwa na hofu nyingine.

Mchana alikuja Chanda, mdogo wake Mama Bwalya, amevaa sare ya jandarme, askari wa serikali ya Katanga. Alitaka suruali ipunguzwe. Kalala alipokuwa akimpima kiuno, yeye alikuwa akiitazama nyumba. Aliuliza kama mlango wa nyuma unafungwa kwa komeo au kwa kamba. Aliuliza kama ndugu zetu wa Kasai bado wanalala kwetu. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za wazazi. Kalala alimjibu kuwa hatuna wageni. Suruali aliiacha, na hakurudi kuichukua.

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Sisi wenye asili ya Kasai, hata tuliozaliwa papa hapa mjini, ambao siku hizo uliitwa Elisabethville, tulikuwa tumegeuka wageni. Watu walikuwa wakichukuliwa majumbani. Nilianza kuangalia nani amenisalimu na nani ameinamisha kichwa. Mama Bwalya alipokuja kuchukua gauni alilisifu sana, na sifa zile zilinitia wasiwasi.

Jumamosi asubuhi Kalala aliamua twende kambini, nje ya mji, ambako askari wa kigeni wenye kofia za bluu walikuwa wakilinda wakimbizi. Hatukumwambia mtu. Tulikuwa tunafunga mzigo Mama Bwalya alipoingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, mtoto mgongoni.

"Musipite barabara kubwa," alisema. "Mupite ku reli. Miye nitangojea kule ku daraja ndogo."

Kalala alimshukuru. Mama huyo alipotoka, Kalala aligeuka kwangu. "Amejua namna gani? Na ndugu yake iko jandarme."

Nilimjibu kwamba anatupeleka mtegoni. Maneno hayo niliyasema mimi, si Kalala, na sijapata kumwambia mtu kinyume chake.

Tulipita barabara kubwa.

Kulikuwa na kizuizi cha mapipa, na majandarme wamesimama. Jana yake hakikuwepo.

Waliuliza jina. Kalala alilisema.

Mmoja alimshika mkono, wala si kwa nguvu. Mimi nilikimbia.

Mlio wa bunduki sikuusikia. Nilihisi kama nimepigwa teke kwenye nyonga ya kulia, nikaangukia mtaroni. Niliona damu ikilowesha kitenge, na sikuumwa hata kidogo. Nilitambaa mtaroni hadi nilipowakuta wakimbizi wengine, wakanibeba mpaka kambini. Maumivu yalikuja pale waliponilaza chini, mahali salama. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

Kesho yake alifika katekista wa mtaa wetu, Mzee Mukendi, na mke wake. Walikuwa wamefuata reli. Mama Bwalya aliwakuta darajani, akawavusha, akawapa kifurushi watupe iwapo tumefika kwa njia nyingine: viazi vitamu vya kuchemsha. Mzee alisema mama yule alikataa kurudi nyumbani, akidai bado kuna watu wawili hawajapita.

Nilivila vile viazi. Nilikuwa na njaa.

Kidonda kilifunga kabla ya mvua kwisha, lakini nyonga iliendelea kuuma. Muuguzi wa kambi alibonyeza kovu, akanitazama usoni, nikajua anadhani najifanya ili nipewe maziwa ya wagonjwa. Vita ilipokwisha nilirudi mjini. Shangazi yake Kalala alisema ni adhabu ya kumkimbia mume. Picha ya mifupa haikuonyesha kitu. Nami nikaanza kujishuku mwenyewe. Nilikuwa najitega: nashona nikijisahau, kisha nauliza ghafla, inauma? Iliuma.

Nilikuwa na mvi tayari nilipokutana na daktari mmoja, mwanamke kijana. Alitaka kujua siku ile ya barabarani maumivu yalianza saa ngapi. Nilipomweleza, hakushangaa. Alisema mishipa ya fahamu hupeleka habari tu. Ubongo ndio unaoamua kama kuna hatari, na nilipokuwa nakimbia uliamua maumivu yangoje. Baadaye ulizoea kuilinda nyonga ile kupita kiasi, hata ubaridi kidogo, hata buti zikipita nje, ukavipokea kama risasi.

"Kwa hiyo ninajidanganya, Docteur?"

"Hapana, Mama. Maumivu iko ya kweli. Kidonda ndicho kimeisha."

Hata yeye nilimshuku. Nilitoka bila kuaga. Ila alichoniagiza nilikifanya: kutembea kidogo kila siku, hata siku mbaya, na siku nzuri nisizidishe, kuinuka kwenye cherehani kabla nyonga haijaniinua. Baada ya miezi kadhaa nilifika sokoni bila kupumzika njiani. Maumivu hayakuisha. Baridi ya mwezi wa sita ikija, bado naamka nikishika ukuta. Lakini siyaogopi tena kama zamani, na nikiumwa najua sivunjiki.

Mama Bwalya nilikuwa nikimsalimu tu miaka yote. Alipougua sana nilikwenda kumtazama, nikamwambia tulichodhani juu yake asubuhi ile. Alinieleza kwamba Chanda ndiye aliyemwambia jina la Kalala liko kwenye orodha. Kama aliuliza habari za mlango ili atukamate au ili tutoroke, dada yake hakupata kujua. Chanda aliuawa kwenye mapigano kabla ya mwaka kwisha.

"Nilijua hamuniamini," alisema. "Hata miye, ningekuwa weye, singepita kule."

Alisema hivyo kunipunguzia uzito. Nilimnywesha maji, nikarudi nyumbani polepole.

Kalala alikuwa na miaka ishirini na sita walipomchukua. Kaburi lake sijaonyeshwa. Miaka mingi nilitafuta wa kumlaumu katika nyumba ya jirani, na katika mtaa wetu wote, nyumba hiyo ndiyo peke yake iliyokuwa imetungojea.