Rafu Zilizopimwa Begani

Mshonaji aliishi katika vyumba viwili, na cherehani zake mbili zilikula robo ya nafasi. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alionekana nyumbani kwa nadra. Mama mkwe alipohamia kwao baada ya kuiuza nyumba yake, mshonaji aliona hakuna njia ila kwenda juu. Alimwita seremala. Rafu zikazunguka kuta zote hadi karibu na dari: vitambaa upande huu, sufuria na sahani upande ule, masanduku ya nguo nzito juu kabisa. Kitanda kikainuliwa, droo zikaingia uvunguni. Kazi ilipokwisha, mshonaji aliketi akatazama sakafu iliyokuwa tupu, akaridhika.

Mama mkwe alikuwa mfupi, na bega lake la kulia lilikuwa na maumivu ya siku nyingi. Akitaka sukari, ilibidi angoje mtu.

Siku moja mshonaji alirudi kutoka kununua vitambaa akakuta sufuria, sahani na kopo la sukari vimepangwa sakafuni kando ya ukuta, vizuri kama dukani.

"Mama, hivi si vina mahali pake?"

"Vinapo. Mahali pa twiga." Mama mkwe aliendelea kuchambua mchele. "Mimi hapa ni mgeni tu, mwanangu. Hata chai naomba."

Neno hilo la mgeni lilimkaa mshonaji vibaya. Akavua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake.

"Simama kidogo, mama. Inua mkono, ukianza kuuma uache hapo hapo."

"Unanishonea gauni?"

"Nakushonea jiko."

Mama mkwe akacheka puani, akainua mkono. Mshonaji akapima, akachora mstari ukutani kwa chaki yake ya kukatia nguo. Seremala alirudi akinung'unika kwamba kazi nzuri inaharibiwa, lakini rafu za jikoni akazishusha. Vitu vya kila siku vikakaa chini ya mstari. Juu vikabaki vitambaa vya wateja na makorokoro ya dereva. Mama mkwe akaacha kuomba chai. Sasa alikuwa anawapikia wateja, na kuwaagiza wavue viatu mlangoni.

Dereva aliporudi safari alijigonga kichwa kwenye rafu ya sahani, akauliza ni nani kaishusha. Mama yake akamwambia ainame.