Gumba la Kushoto

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa fizikia alinitoa maabara kwa sababu ya mkono huu wa kushoto. Mimi nina mashoto tangu kuzaliwa. Alikuwa ametufundisha kwamba ukishika waya kwa mkono wa kulia, gumba likaelekea umeme unakokwenda, vidole vingine hujikunja upande ambao sindano ya dira itageukia. Nikauliza, mbona wa kulia? Akasema kushoto ni mkono wa chooni, na kama siwezi kufuata wenzangu nichague somo lingine. Darasa zima likacheka. Nikamwambia hilo si jibu, naye akanionyesha mlango.

Nyumbani Adungosi nilimkuta nyanya yangu akichagua vitunguu vya kupeleka Malaba, mjini mpakani. Ndiye aliyenifunga mkono huu kwa kitambaa nikiwa mdogo, ati nile ugali kama watu. Nikamwambia fizikia nimeiacha. Nilidhani atafurahi. Lo, alinikaripia mpaka masikio yakawaka!

“Mimi nilikufunga mkono, na nilikosea,” akasema. “Sasa wewe unajifunga kichwa? Umeuliza, hujajibiwa. Rudi.”

Jumamosi nilimbebea mzigo hadi mpakani. Upande wetu alikuwa akisema anaenda ng'ambo. Tulipovuka daraja tu, nikamsikia akimwambia mteja wake ametoka ng'ambo. Mto ulikuwa pale pale. Nikasimama na gunia kichwani, nikacheka peke yangu, maana jibu nilikuwa nimelipata. Umeme nao, ni watu waliopatana kusema unatoka chanya kwenda hasi, kabla hawajajua kwamba chembe zinazotembea ndani ya waya zinatoka hasi kwenda chanya. Ni watu pia waliopatana kwamba ncha ya kaskazini ya sindano ndiyo ionyeshe mwelekeo wa uga wa sumaku. Ukiyakubali mapatano hayo mawili, mkono wa kulia ndio unaolingana nayo. Geuza moja tu, na wa kushoto unafaa. Sindano haijui mikono ya watu.

Jumatatu nilirudi maabara, sikuomba ruhusa ya mtu. Niliweka waya juu ya dira, nikanyoosha gumba la kushoto kutoka hasi kwenda chanya, na kabla sijaunga betri nikataja sindano itageukia wapi. Ikageukia huko. Mwalimu akageuza betri kwa hasira. Nami nikageuza gumba, nikataja tena, ikafuata. Kisha akaniambia nikae. Nilikaa mpaka mtihani wa mwisho, na leo mota za mashine za kusagia posho za huku kwetu zikiungua, nyaya nazisuka upya mimi, kwa kushoto.

Sasa nasikia nawe umeambiwa ubadilishe mkono wa kuandika. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ukiambiwa ndivyo ilivyo, uliza ni nani aliyefanya iwe hivyo, Mungu au watu. Kama ni watu, yaheshimu mapatano yao ili mwelewane. Hata mimi kwenye mtihani niliandika chanya kwenda hasi kama wote. Lakini asikwambie mtu kwamba umeumbwa vibaya. Hilo likatae, ukiwa umesimama wima.

Mungu akulinde, na kila unachokishika kistawi. Sogea nikuwekee mkono kichwani. Ndiyo, huu huu wa kushoto.